Redio Kuukuu Katika Njia ya Tarime na Mugumu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Tarime, twende pamoja leo. Ukivuka mpaka kutoka Isebania ya Kenya unaingia Sirari, na barabara ya lami inakupeleka Tarime mjini, katika nchi ya vilima vya Wakurya, yenye asubuhi za baridi, migomba, mahindi na kahawa. Ukishika njia ya kusini-mashariki utapita Nyamwaga, kisha Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, halafu utateremka mpaka Mto Mara, ule utokao katika misitu ya Mau huko Kenya na kuishia katika Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti, na mbele yako ni Mugumu, mji mkuu wa wilaya hiyo, karibu na hifadhi ya wanyama.

Njia hii ni njema kwa macho, lakini kwa sauti ni ngumu. Vilima na mabonde hukinga mawimbi ya simu za mkononi, na ziko sehemu kuelekea mbugani ambako simu yako haikufai ila kutazamia saa. Zamani, kabla ya simu hizo, watu wa mahali pa mbali walitegemea redio ya upepo. AMREF, shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957, lilitumia redio za masafa mafupi kuzungumza na hospitali za mashambani katika Afrika Mashariki. Tabibu aliomba shauri, au aliita ndege imchukue mgonjwa. Minara ya simu ilipojengwa, redio nyingi za namna hiyo zilifungiwa stoo. Siku hizi hutokea tena moja moja, zikitafuta mnunuzi.

Pengine mnunuzi huyo ni wewe. Pengine umeambiwa bei ya redio ya ridhaa, yaani ile ya watu wazungumzao hewani kwa kupenda tu, bila malipo. Majina yasikikayo sana ni Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520, mashine za Kijapani za miaka ya 1970, ambazo zikiwa nzima bado zaweza kupeleka sauti Mwanza, Nairobi, hata Ulaya. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kikuukuu nacho kina unyemi wake, na kidonda chake pia. Basi kabla hujafungua mkoba, jiulize mambo matatu.

La kwanza, je, ni halali yangu? Watu wa Mara wanajua kununua ng'ombe. Hawatazami pembe tu, bali huuliza ng'ombe huyu ametoka zizi la nani, na kibali chake ki wapi. Redio ni vivyo hivyo. Ikiwa ilikuwa mali ya hospitali au shirika, taka hati ya mauzo. Ikiwa inatoka ng'ambo ya mpaka, ipite forodhani Sirari mchana, wala isifichwe chini ya magunia. Tena sharti uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kabla ya kurusha neno lolote. Ishara za wito za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, na za Uganda 5X. Leseni ya rafiki yako wa Kenya haikufanyi wewe kuwa na haki hapa. Na leseni ya ridhaa si ya biashara: huwezi kuulizia kwayo bei ya ng'ombe mnadani, wala kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe.

La pili, je, inasikia na kusema? Usikubali mbuzi wa guniani. Muuzaji aiwashe mbele yako, isikilize nusu saa, uone kama inatulia mahali pamoja au inahamahama. Kisha airushe, ikiwa ana leseni, huku fundi akipima nguvu itokayo. Valvu zile za mwisho zirushazo sauti ni adimu sasa, na zikiwa zimechoka, bei rahisi itageuka ghali. Redio iliyolala miaka mingi isichomekwe umeme kwa pupa, maana kapasita zake zaweza kuwa zimekauka zikapasuka. Hapa nasisitiza, ndugu msomaji: ndani ya redio hizi mna umeme wa mamia ya volti, na kapasita huuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme huo huua. Usifungue kifuniko kwa udadisi. Mwachie fundi ajuaye, na watoto wakae mbali.

La tatu, je, nani atanijibu? Swali hili wengi hulisahau. Redio moja peke yake ni bubu. Tafuta kwanza mwenzako mwenye leseni, mpatane saa na masafa. Kwa nchi yetu ya vilima, mita 40, karibu na megahezi 7, hufaa sana mchana. Antena yake ni waya wa mita 20 uliokatwa katikati, kila upande mita 10. Ukiutundika mita tano hata nane kutoka ardhini, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la hewa lenye umeme huko juu, kisha hurudi chini kama mpira uliopigwa dari. Hivyo Tarime huisikia Mugumu, na vilima haviwi kizuizi. Usiku masafa hayo hupenda kwenda mbali na kumruka jirani. Ndipo watu huhamia mita 80.

Yako na matunzo. Redio ya wati 100 ya betri ya volti 12 hula ampea chache tu ikisikiliza, lakini ikirusha yaweza kufika 20. Basi waya uwe mnene na fyuzi isikose. Na kwa kuwa karibu na Ziwa Viktoria radi ni nyingi mno, chomoa antena na kuitoa nje ya nyumba kabla mawingu hayajafika, wala usingoje ngurumo ya kwanza.

Ukiisha kupata majibu ya maswali hayo matatu, nunua kwa moyo mweupe. Hata kama jibu moja limekosekana, rudisha fedha mfukoni, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Siku mto utakapofurika na simu kunyamaza, atakayekufaa ni yule mwenzako mliyezoea kusalimiana naye hewani kila jioni, maana atakuwa anakusikiliza.