Ruta ya Pili, Chumbani kwa Mama

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nilikuwa Mombasa, nyumbani kwetu Mji wa Kale, nikipigana na waifai ya mama. Naam, waifai! Mimi niliyekaa chuo kikuu miaka minne nikisomea sayansi ya tarakilishi, ninayelipwa mshahara Nairobi kwa kuandika programu, nilisumbuliwa na chumba kimoja cha kulala kwa zaidi ya wiki mbili. Nawasimulia kwa sababu naamini wengi wenu mna ruta kuukuu mahali fulani kabatini ikila vumbi, na huenda mkataka kuitumia kama nilivyotaka mimi. Ila msifuate njia niliyopita, fuateni ile niliyofikia mwisho.

Kwanza nyumba yenyewe. Ni nyumba ya zamani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unapita dhiraa moja. Nimepima dirishani: nikiweka kiwiko ukingo wa ndani, vidole havifiki ukingo wa nje. Waliojenga walitaka joto la mchana libaki nje, na kweli hubaki nje. Kebo ya kampuni ya intaneti inaingilia mbele, dirisha la barabarani, kwa hiyo ruta imefungwa sebuleni. Chumba cha mama kiko nyuma kabisa, kuta tatu za aina hiyo katikati.

Sasa kuna jambo la Ijumaa. Dada yangu mkubwa alikwenda Riyadh mwaka 2023 kufanya kazi za nyumbani. Simu yake aliruhusiwa kuitumia usiku wa Ijumaa tu, kazi zikiisha, na kwa bahati saa za kule na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo ilipofika saa nne usiku sote tulijua. Mama alikuwa akipokea sebuleni, kwa kuwa ndipo panaposhika. Na sebule ya kwetu siku ya Ijumaa mnaijua, au kama hamuijui mnayo ya kwenu: mjomba amekuja tangu baada ya Isha na hajaondoka, mdogo wangu na marafiki zake, watoto wa jirani, mwanamke aliyekuja kuazima sufuria akakaa. Simu iliegemezwa kwenye birika juu ya meza, kila mtu akapunga mkono. Dada alisema yuko sawa, alhamdulillahi, kazi si mbaya, joto tu. Kila Ijumaa yuko sawa.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata mama akanipigia. "Mwanangu, ukija hebu nifikishie hicho kitu chumbani." Nikamwuliza kwa nini. Akasema mgongo wamuuma, amechoka kukaa kwenye kiti hadi usiku, ataka kuzungumza akiwa amelala. Nikaona ni sababu nzuri, wala sikuuliza tena.

Nikafunga safari na ruta yangu ya zamani mfukoni mwa begi. Ni TP-Link TL-WR841N, zile nyeupe zenye antena mbili ambazo nadhani nusu ya Kenya imewahi kuwa nazo. Nilipofika nikatoa laptopu na kupima nguvu ya mawimbi. Sebuleni nilipata -48 dBm, chumbani kwa mama -84. Kwa asiyezoea, tarakimu hizi zinaonekana hazijapishana sana, lakini kipimo hiki hakiendi kama rula. Kila ukishuka 3 nguvu inagawanyika kwa mbili, ukishuka 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Kushuka 36 maana yake chumbani kulifika takriban sehemu moja kati ya 4,000 ya yale yaliyokuwa sebuleni. Mawimbi ya gigahezi 5 hayakufika kabisa, kwani hayo hushindwa na kuta upesi kuliko ya 2.4.

Njia ya kwanza niliyojaribu ndiyo kila mtu hujaribu, kwa kuwa haina waya. Nikaigeuza ruta ya pili kuwa ripita: inasikiliza mawimbi ya ruta kubwa kisha inayatangaza upya. Nikaiweka juu ya kabati la mama, simu yake ikaonyesha vijiti vyote vimejaa, mama akanishika kichwa akaniombea dua. Nami nikaipokea dua ambayo sikuistahili. Tazameni, vijiti vile vilikuwa vikionyesha tu kwamba simu inaisikia vizuri ripita iliyo mita mbili kutoka kitandani. Havikusema ripita nayo inasikia nini. Ilikuwa imekaa pale pale penye -84, ikinukuu maneno isiyoyasikia. Tena ruta hii ina redio moja tu, na redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, kwa hiyo hata kasi kidogo iliyopo hukatwa nusu. Nilipotuma pakiti 100 kwa amri ya ping kwenda ruta kubwa, 23 zilipotea njiani. Ningeipima mapema ningejua. Niliipima Ijumaa saa nne na dakika kumi, baada ya uso wa dada kuganda kwenye kioo mdomo wazi, na mama kuinuka kitandani, kuvaa kanga yake vizuri na kurudi sebuleni penye watu.

(Kama ni lazima utumie ripita, iweke katikati ya safari, mahali ambapo bado inasikia vizuri. Kwetu katikati ya safari ni ndani ya ukuta.)

Jumamosi niliipoteza kwa majivuno. Nilidhani kosa ni la programu iliyomo ndani ya ruta, nikataka kuweka OpenWrt, ule mfumo huru wa Linux kwa ajili ya ruta ulioanzishwa mwaka 2004 baada ya msimbo wa Linksys WRT54G kufunguliwa kwa umma. Ni kazi nzuri sana na naiheshimu. Lakini ruta yangu ina megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za kumbukumbu, na toleo la 19.07 la mwaka 2020 ndilo la mwisho lililotengenezwa rasmi kwa vifaa vidogo kama hivyo. Hata ingekubali, hakuna programu inayotoboa matumbawe. Saa tano nzima nilikaa nikiandika amri, mama akiniletea chai.

Aliyenitoa gizani ni jirani yetu, fundi wa umeme, ambaye hajasoma tarakilishi hata siku moja. Alinitazama akauliza, "Sasa mbona huvuti waya?" Nilikuwa na jibu refu. Halikuwa na maana.

Tukanunua kebo ya Cat 5e mita 25. Kebo hiyo inaruhusiwa kufika mita 100, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Mama alikataa kuta zitobolewe, fundi naye akasema hata mimi sizitoboi, tukaipitisha juu ya boriti za ukumbini, kupitia tundu la bomba la zamani la maji lisilotumika, hadi juu ya mlango wa mama. Kubana vichwa vya RJ45 nilifanya mwenyewe. Rangi zinapangwa hivi, kichwa kikiwa kimelalia mgongo, ulimi wake chini, ukianzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Kichwa cha kwanza nilikiharibu, cha pili pia. Fundi alikuwa ananitazama kwa upole ambao uliniumiza kuliko dhihaka.

Na sasa nafika kwenye kosa langu kubwa, na hili nataka mlisome pole pole. Ijumaa ya pili, mchana, nilichomeka kebo kutoka tundu la LAN la ruta kubwa hadi tundu la LAN la ruta ndogo. LAN kwa LAN ni sahihi. Ukiingiza kwenye lile tundu la WAN la ruta ya pili intaneti itapita pia, ila utakuwa umetengeneza mtandao ndani ya mtandao, na vifaa vya sebuleni havitaviona vya chumbani. Kwa hiyo nilifikiri nimekuwa mjanja. Nikajaribu kwa laptopu yangu, intaneti inakwenda. Kwa simu ya mama, inakwenda. Nikafunga kazi nikaenda zangu baraza kunywa kahawa.

Nilikuwa nimesahau kuzima DHCP ya ruta ndogo. DHCP ni kama karani wa mlangoni: kifaa kikiingia, karani anakipa namba yake na kukionyesha mlango wa kutokea kwenda duniani. Nyumba moja, karani mmoja. Mimi nilikuwa nimeweka wawili. Karani wa ruta kubwa akionyesha 192.168.1.1, ambako kweli kuna kebo ya kampuni. Karani wa ruta ndogo akionyesha 192.168.0.1, yaani yeye mwenyewe, na nyuma yake hakuna kitu. Mchana kila kifaa kilikuwa bado kinashikilia namba kiliyopewa zamani, ndiyo maana nilipojaribu kulikuwa shwari. Jioni mama akatoka na simu yake kwenda kwa shangazi. Aliporudi, simu ikaomba namba upya, na karani aliyejibu kwanza ni yule wa uongo.

Saa nne ikafika. Mama yuko chumbani kwake, mlango umefungwa, alama ya waifai imejaa. Hakuna simu. Saa nne na robo akatoka akaniambia, "Hapigi." Nikasema pengine kazi zimemchelewesha. Ilipofika saa tano kasorobo nikaishika simu, nikaona ile alama ndogo ya mshangao kando ya waifai, nikafungua mipangilio, nikaona 192.168.0.1, na nikajua papo hapo. Nilipoirekebisha ziliingia arifa sita za simu zilizokosekana, ya mwisho saa nne na dakika thelathini na nane. Tukampigia. Simu yake ilikuwa imeshazimwa hadi Ijumaa nyingine.

Mama hakunilaumu. Alisema "haya" akaenda kuswali. Ningependa angegomba.

Niliwaandikia kazini kwamba nitafanyia kazi Mombasa wiki moja zaidi. Na kesho yake nikafanya kama inavyotakiwa, na ndiyo njia ninayowaachia. Ruta ya pili iwe peke yake kwanza, haijaunganishwa na kitu ila laptopu yako kwa kebo. Bonyeza kitufe cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kishikilie kama sekunde 10. Ingia kwenye mipangilio, zima DHCP, kisha badili anwani yake: mimi niliipa 192.168.1.2, kwa kuwa ruta yetu kubwa hugawa namba kuanzia 100, basi hawatagongana. Jina la waifai na nywila viwe vile vile vya ruta kubwa, usalama uwe WPA2, lakini chaneli iwe tofauti. Kubwa ilikuwa kwenye 1, ndogo nikaiweka kwenye 11. (Kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, nyingine zinaingiliana.) Hapo ndipo unachomeka kebo, LAN kwa LAN, tundu la WAN liachwe wazi. Nikapima: -41 kitandani kwa mama, pakiti 100 kwa 100, milisekunde 2.

Kasoro moja ilibaki. Simu ndiyo inayoamua ishike ruta gani, si ruta zenyewe, na simu ya mama ilikuwa na tabia ya kung'ang'ania mawimbi ya sebuleni hata ikiwa imeshafika chumbani. Nikamfundisha kuzima waifai na kuiwasha tena akikaa kitandani. Si suluhisho la kitaalamu, lakini alilishika siku moja.

Ijumaa ya tatu simu iliita saa nne na dakika tano. Mama akafunga mlango. Mimi nilikuwa sebuleni na laptopu, nikitazama ping ikipita mstari kwa mstari, mjomba akilalamika kwamba hajamsalimia mtoto. Hatukusikia neno. Ukuta unaozuia mawimbi unazuia na sauti, na hilo sikuwa nimelifikiria kabisa hadi usiku ule, ingawa mama nadhani alikuwa amelifikiria tangu mwezi wa tano.

Walizungumza saa moja na dakika kumi. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akaketi karibu nami, akasubiri mjomba aage, ndipo akauliza, "Nauli ya ndege ya kutoka kule ni pesa ngapi?"

Aliyoniambia baada ya hapo hayaandikwi hapa. Kurudi kwa dada kulichukua miezi minne, na mengi ya kulipanga yalipitia kwenye ile kebo ya mita 25, usiku wa Ijumaa, mlango umefungwa. Sasa yuko nyumbani na analala chumbani kwa mama. Juzi amenipigia kulalamika kuwa taa za ruta zinamnyima usingizi, na ruta hii haina pa kuzizimia. Nimemwambia azibandike utepe mweusi zote, aache ile moja ya kebo ili tujue kama inawaka.