Mahubiri ya Chuki: London Walimshtaki, Nairobi Tukamfukuza

Nikisema nimetoka Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, Wakenya wenzangu hapa London huniuliza kuhusu vijana waliokwenda Somalia. Ni kweli, walikwenda. Muslim Youth Center ilianzishwa mtaani kwetu mwaka 2008, na Januari 2012 kiongozi wake, Ahmad Iman Ali, akatangazwa mkuu wa Wakenya ndani ya Al-Shabaab. Ila mimi huwaeleza habari za mhubiri mwingine, aliyepita katika nchi zetu zote mbili.

Abdullah el-Faisal, Mjamaika, alihubiri Uingereza akihimiza wasikilizaji waue Wayahudi, Wahindu na Wamarekani. Mwaka 2003 kesi yake ilisikilizwa katika mahakama ya Old Bailey, kwa sheria ya mwaka 1861. Kanda zake zilichezwa mbele ya jopo la raia. Alijitetea kwamba alikuwa akifasiri Qurani tu. Jopo halikuulizwa maana ya Qurani. Liliulizwa kama amechochea mauaji. Alifungwa, na mwaka 2007 akarudishwa Jamaika. Waingereza walichelewa mno: Germaine Lindsay, mmoja wa walioilipua London Julai 2005, alikuwa ameshaathiriwa na mawaidha yake.

Mwisho wa 2009 Faisal alikuwa Kenya. Alikamatwa, na serikali ikahangaika kutafuta ndege ya kumwondoa. Ijumaa ya Januari 15, 2010, maandamano ya kumtetea yalianzia Msikiti wa Jamia, risasi zikalia, watu wakafa. Siku chache baadaye polisi waliingia Eastleigh na kukamata mamia ya Wasomali, kana kwamba wao ndio waliohubiri. Mwenyewe akapandishwa ndege ya kukodi. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeketi kupima hata sentensi moja aliyoitamka. Mahubiri yake yalibaki kwenye intaneti, na mwaka 2023 New York ilimhukumu miaka 18 kwa kusaidia ugaidi.

Kumwacha mhubiri bila hukumu na kuwakamata majirani: hii ndiyo desturi yetu inayoniuma. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa akiwa na kesi mahakamani, na wafuasi wake wakamwita shahidi. Aprili 2014 maelfu walikamatwa katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mhubiri anakosea, jirani yangu ndiye anayepanda lori.

Na wajuzi wa kuwajibu wachochezi tunao. Chukua aya ya 5 ya Surat At-Tawba, wanayoipenda sana. Keti kwenye darsa ya mwalimu anayejua kazi yake: hataisoma bila aya ya 4, inayowatoa washirikina waliotimiza mapatano, wala bila ya 6, inayoamuru kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa salama. Atakueleza pia ni mapatano gani yaliyovunjwa, na nani aliyeyavunja.

Eastlands, upande wetu wa mashariki mwa Nairobi, tuna pia mihadhara. Muislamu na Mkristo wanasimama hadharani na vipaza sauti, Biblia na Qurani zikiwa wazi, umati ukifuatilia mstari kwa mstari. "Soma tena!" mtu anapaza sauti, na msomaji analazimika kurudia. London sijaona mtaa wenye watu wanaosikiliza hivyo, ukiacha ile kona ya Hyde Park ambako watu huhutubia hadharani.

Lakini Waingereza wana ulinzi ambao sisi hatuna. Mwaka 1999 mahakama yao ilimwondolea hatia mwanamke aliyekamatwa akihubiri kwenye ngazi za kanisa kuu la Wakefield: hasira ya wasikilizaji peke yake haikutosha kumfanya mhalifu. Kwetu, kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga anayetamka neno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini.

Kifungu hicho kifutwe. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 imeshautoa uchochezi wa ghasia nje ya uhuru wa kujieleza. Anayechochea mauaji, awe sheikh au pasta, ashtakiwe kwa jina lake, kanda ichezwe mahakamani, na watu wa Majengo, Eastleigh na Kayole waachiwe nafasi ya kuingia na kusikiliza.