Masikio Yanayojua Juu

Kazi ya mjengo ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ukisikia mtu anapiga kelele huko juu, toka kwanza, maswali baadaye. Shida ni kujua kwamba kelele imetoka juu.

Kushoto na kulia ni rahisi. Mtu akikuita kutoka kulia, sauti hufika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unaidaka hiyo tofauti. Lakini sauti ikitoka utosini, au mbele yako, au miguuni, inafika masikio yote mawili kwa pamoja, na kwa nguvu ileile. Sasa unajuaje?

Kazi hiyo inafanywa na mikunjo ya sikio la nje, ile sehemu tunayoitumia kuning'iniza barakoa. Sauti ikigonga mikunjo hiyo, vipande vyake vingine vinafifia na vingine vinapata nguvu, kutegemea imetoka kimo gani. Ubongo umejifunza kusoma hayo mabadiliko, kwa masikio yako wewe.

Mwaka wa 1998, Paul Hofman na wenzake huko Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti ambapo watu walivaa vibandiko vilivyobadilisha umbo la mikunjo. Kushoto na kulia wakabaki sawa. Juu na chini ikavurugika kabisa. Baada ya wiki kadhaa ikarudi polepole, na vibandiko vikiwa bado masikioni. Walipovitoa, masikio ya zamani yakafanya kazi papo hapo, kama mtu aliyerudi nyumbani na kukuta lugha yake haijapotea.

Sasa, mikunjo ni midogo, kwa hivyo inagusa tu sauti nyembamba, kama kuanzia hezi 4,000 kwenda juu. Mlio wa funguo, filimbi, ile "s" ya mtu akiita. Sauti nene inapita tu. Na hapo ndipo mjomba wangu anaingia.

Amekuwa fundi wa chuma zaidi ya miaka ishirini. Nilipoacha chuo nilibeba vyuma chini yake miezi kadhaa. Kelele ya grenda haikuzibi masikio siku moja. Inakula sauti nyembamba kwanza, mara nyingi karibu na hizo hezi 4,000, na inaacha zile nene. Kwa hivyo mnaongea naye vizuri tu, anacheka, anabishana bei. Lakini ukiita "Anko!" kutoka ghorofa ya tatu, anageuka kushoto, anageuka kulia, anaangalia nyuma. Juu anaangalia mwisho.

"Nasikia, kijana," ananiambia. "Mimi si kiziwi."

Ni kweli, anasikia. Jina lake linamfikia bila anwani. Na manze, mtu anayefanya kazi chini ya wenzake wanaoinua vyuma ndiye anayehitaji hiyo anwani kuliko wote.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kwenye saiti nilizofanya kazi, sikuwahi kuona mtu akipima. Vifuniko vya masikio vikiletwa, vina mtego wake: vinafunika mikunjo, kwa hivyo ukivivaa unapoteza juu kwa muda.

Siku hizi mjomba ana mpango wake. Anafunga utepe mwekundu kuzunguka sehemu ambayo vitu vinainuliwa, na hapiti hapo hata akiitwa chai. Wale vijana wapya anawaambia wavae vifuniko grenda ikiwaka, na ikizima wavitoe, wasikilize. Wao bado wana masikio yanayojua juu, na hayo hayauziwi mtu dukani.