Kuongoza Chama cha Kuwasaidia Mama Wazee



Ni miaka 6 sasa tangu wakristu wa parokia yetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, waliponichagua niongoze chama kidogo cha kuwasaidia mama wazee wasio na kitu. Mimi ni mwalimu. Riziki yangu naipata kwa chaki. Kazi ya chama haina mshahara wala posho. Kwa hiyo watu huniuliza: «Mwalimu, unapata nini huko?» Swali hilo lafaa kujibiwa, maana vyama vya namna hii huzaliwa kwa shangwe wakati wa Kwaresima, navyo vingi hufa kabla ya Noeli. Mara nyingi haviuawi na upungufu wa unga. Huuawa na uongozi mbaya.

Kwanza tuwafahamu mama hao. Wamelima tangu utoto wao. Wamezaa, wamelea, wamezika. Lakini pensheni hufuata mshahara, na mwanamke aliyelima shamba la mumewe kwa miaka 50 hakuandikwa katika kitabu cha tajiri yeyote. Zamani pensheni yake ilikuwa watoto wake. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwaondoa wengine, machimbo ya dhahabu na miji mikubwa vikawachukua wengine, na wajukuu wakabaki mgongoni mwa bibi. Tena kuna jambo la nyumba. Sheria ya Familia ya nchi yetu, iliyotolewa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa pamoja na mumewe. Walakini mjane ambaye ndoa yake haikuandikishwa kwa serikali ataonyesha karatasi gani ndugu za marehemu wanapokuja kufunga mlango? Enyi mlio na wazazi hai, waongozeni waandikishe ndoa yao wakiwa bado wawili. Msaada huo hauna gharama kubwa, nao wapita magunia mengi ya unga.

Chama chetu kina wanachama 19, nao mama wanaosaidiwa ni 31. Kila mmoja hupata kwa mwezi unga wa muhogo, maharagwe, chumvi, sabuni na chupa ya mafuta ya mawese. Vijana huteka maji na kuziba paa zinazovuja. Wengine huwasindikiza wagonjwa mpaka zahanati. Hayo yote ni madogo. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi kazi ya kiongozi ni nini? Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika Yerusalemu kulitokea manung'uniko: wajane wa wakristu waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwakemea wanung'unikaji, wala hawakushika mizani wenyewe. Waliwataka waamini wachague watu 7 wenye sifa njema na hekima. Tazameni majina yao, tangu Stefano mpaka Nikolao: yote ni ya Kigiriki. Yaonekana ugawaji ulikabidhiwa watu wa upande ule uliolalamika. Nasi tumeufuata mfano huo. Katika kamati yetu ya watu 7, wawili ni mama wanaopokea msaada. Ndio waliotuambia kwamba mahindi magumu si chakula cha mtu asiye na meno, na ya kuwa ni aibu kwa mama mzee kuitwa jina lake mbele ya kanisa ili apokee sabuni. Tangu siku hiyo twapeleka vitu nyumbani, watu wawili wawili, bila kelele.

Fundisho la pili latoka kwa Mtume Paulo. Akimwandikia Timoteo juu ya wajane, asema watoto na wajukuu ndio wa kwanza kuwatunza wazazi, ili Kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wasio na mtu. Maneno hayo ni makali, lakini ni ya busara. Kabla ya kuandika jina la mama katika daftari, twamtafuta mwanawe. Wapo walioanza tena kutuma franga kwa simu walipopashwa habari za mama yao bila matusi. Chama kisimtue mtoto mzigo ambao Mungu mwenyewe alimtwika katika amri ya nne.

La tatu ni fedha. Sanduku letu lina kufuli mbili, na funguo zakaa kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja. Anayeandika daftari hashiki fedha. Kila miezi 3 hesabu husomwa mbele ya wote baada ya Misa, hata kama ni habari ya chumvi tu. Kiongozi huchaguliwa kwa miaka 3, tena mara mbili tu. Mwenye mikono safi haogopi kuhesabiwa vidole.

Lakini kufuli na daftari havitoshi. Iko siku ambayo kiongozi hutakiwa kulipa.

Mwaka uliopita mtoto mmoja wa mtaa wetu alikufa kwa homa. Baada ya mazishi watu wakaanza kumnyoshea kidole jirani, mama mzee akaaye peke yake, ambaye jina lake limo katika daftari letu. Mnajua neno walilomwita. Mnajua pia kwamba katika jimbo hili wanawake wamekwisha kuuawa kwa sababu ya neno hilo. Katika mkutano wetu wanachama kadhaa walisema: «Tumruke kwa muda, mpaka maneno yapoe.» Hawakuwa watu wabaya, waliogopa. Niliwajibu kwamba tukimruka sisi, mtaa mzima utasema hata wakristu wamekubali. Jumamosi ile mimi na mama mmoja wa kamati tulichukua kikapu chake, tukapita njia kubwa saa 4 ya asubuhi, mbele ya macho yote. Tulikaa mlangoni pake, naye akatupikia viazi, tukala mikononi mwake. Juma lililofuata wakaenda wengine wawili, kisha wengine. Mkuu wa mtaa naye alipashwa habari, maana ulinzi wa raia ni kazi ya serikali.

Mama yule angali katika nyumba yake. Lakini wanachama 3 waliacha chama, pamoja na michango yao, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu tangu seminari ndogo. Hanisalimu tena. Namwombea, wala sijui kama atarudi.

Nikisikitika, namkumbuka Mtakatifu Jeanne Jugan. Alizaliwa mwaka 1792 huko Cancale, katika Ufaransa, na baba yake mvuvi alipotea baharini yeye akiwa mtoto mdogo. Alifanya kazi ya utumishi katika nyumba za watu. Mwaka 1839, mwenye umri wa miaka 47, alimpokea mjane mzee kipofu, akampa kitanda chake, yeye akaenda kulala darini. Wakaja wazee wengine, na mabinti wa kumsaidia. Akashika kikapu akaomba mlango kwa mlango. Ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Wenzake walimchagua awe mkubwa wao. Mwaka 1843 wakamchagua tena, lakini padri aliyewaongoza aliutangua uchaguzi huo, akaweka mwingine. Jeanne akachukua kikapu chake, akaendelea kuwaombea wazee mkate. Miaka 27 ya mwisho aliishi kwa kufichwa, hata masista vijana hawakujua kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Alifariki mwaka 1879, na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu. Aliondolewa katika cheo, lakini katika mapendo hakuna aliyeweza kumwondoa.

Sasa naweza kujibu lile swali. Napata nini? Napata kujua kama ninayofundisha darasani ni kweli. Kumheshimu mama ni neno rahisi ubaoni. Mlangoni kwa mama aliyekataliwa na mtaa mzima lina uzito wake.

Ninyi wakristu wenye chama, chagueni kiongozi awezaye kushika kikapu hata siku atakayoondolewa kitini. Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa wakubwa. Karibu na shule yenu yuko bibi mmoja ambaye ndoo ya maji yamshinda. Mwendeeni leo jioni, mkamwulize kwanza yeye mwenyewe anahitaji nini.