Tuende Tukayatazame Maji ya Rusumo

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Kitabu chake, amewaamrisha waja wake si mara moja watembee katika ardhi, watazame jinsi alivyoanza kuumba, na watazame jinsi ulivyokuwa mwisho wa watu waliokuwa kabla yao. Amri hii sote twaisoma, na sote twaikubali kwa ndimi zetu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoifuata kwa miguu yao? Mtu hukaa katika wilaya ya Ngara au ya Biharamulo muda wa miaka 40, akaijua njia ya shambani, na ya sokoni, na ya msikitini, wala asipate hata siku moja kusimama mbele ya Maporomoko ya Rusumo. Na mtoto wake akiulizwa Rusumo ni nini, hujibu kuwa ni penye forodha, yapitapo malori yaendayo Rwanda.

Sisi tunaokaa Kirushya, katika wilaya hiyo ya Ngara, tumeona inafaa kuwaandikia wasomaji maneno machache juu ya jambo hili, khasa wazazi na vijana. Makusudio yetu si kuyasifu matembezi kwa ajili ya matembezi tu. Makusudio yetu ni kueleza kuwa mto ni mwalimu, na kwamba somo lake kubwa ni haki ya jirani.

Wako watakaotupinga. Watasema: “Kupita msituni kwenda kutazama maji yaangukayo ni kazi ya watalii na watu wasio na shughuli. Mwislamu ana sala yake na shamba lake, yamtosha.” Kauli hii ina sehemu ya haki, maana matembezi yanayopoteza sala na kuvunja heshima ni hasara tupu. Lakini dini yetu haikuja kuwafungia watu majumbani. Mtume wetu s.a.w., kabla ya kupewa utume, alikuwa akipanda mlima wa Hira akae huko peke yake akifikiri. Na baada ya utume, akiwa safarini, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha r.a.; mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, na mara nyingine, baada ya muda kupita, akashinda Mtume, akamkumbusha ile ya kwanza kwa mzaha. Je, nani kati yetu ana heshima kuliko yeye, hata aone haya kutembea na ahali zake?

Kiangazi kilichopita tulitoka na vijana wa madrasa, pamoja na baadhi ya baba zao na mama zao. Tulisali Alfajiri kwa jamaa, tukafunga viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi za kuchoma, na chai katika chupa. Sehemu kubwa ya njia tulikwenda kwa gari, na iliyobaki kwa miguu, hali tumekwisha kupata ruhusa ya wenye mamlaka, maana pale ni mpakani. Tuliiacha migomba ya watu nyuma yetu, tukashuka kati ya miti na vichaka kuelekea bondeni. Sauti ya maji tuliisikia kabla ya kuyaona. Na wale vijana waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi, walinyamaza wenyewe bila kukatazwa.

Juu kidogo ya mahali pale hukutana mito 2: Ruvuvu utokao Burundi, na mto uletao maji ya vilima vya Rwanda. Ikiisha kuungana, ndipo Kagera hubanwa na miamba katika bonde jembamba, kisha maji huanguka kimo cha mita 15 hivi. Kimo hicho si kirefu sana. Lakini ni mto mzima unaojitupa, na mtu aliye karibu huhisi mtetemeko wake katika kifua.

Binti mmoja wa umri wa miaka 10 akamwuliza mwalimu wake, “Maalim, maji haya yanamwagika mchana na usiku. Mbona hayaishi?”

Maalim akamkalisha juu ya jiwe mbali na ukingo, wenziwe wakakusanyika. Akawaeleza yaliyomo katika Sura ya Al-Muuminun, ya kuwa Mwenyezi Mungu huteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza katika ardhi, naye ni Muweza wa kuyaondoa. Mvua inyeshapo juu ya vilima, majani na mizizi huizuia isikimbie. Udongo huyanywa maji, kisha huyatoa pole pole katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi mto ukawa bado una uhai. Ukikatwa msitu, mvua ile ile hukimbia juu ya ardhi tupu, ikachukua udongo wa mashamba, ikaleta mafuriko leo na ukame kesho. “Basi mwanangu,” akasema Maalim, “hayaishi kwa kuwa yamewekewa kipimo, na mwenye kuimaliza miti ya mlimani anakichezea kipimo hicho.” Akataja pia Sura ya Al-Baqara, mahali palipotajwa mioyo iliyo migumu kuliko mawe, kwani katika mawe yako yatokwayo na mito, na yako yaangukayo kwa kumcha Mola wake. Aya hiyo vijana walikuwa wameihifadhi tangu zamani. Siku ile waliiona.

Kisha Maalim akawauliza wao: “Na yanakwenda wapi?” Wengi walitaja Ziwa Viktoria, wasijue zaidi. Kweli, Kagera hushika njia ya kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, kisha hupinda mashariki, na mwisho huingia ziwani katika ardhi ya Uganda. Nao ni mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwa hilo. Maji ya ziwa hutoka tena penye mji wa Jinja, yakaitwa Naili, yakapita Uganda, na Sudan Kusini, na Sudan, hata Misri, safari ya maelfu ya kilomita. Huo ndio mto ambao, kama wafasiri walivyoeleza, mama yake Nabii Musa a.s. alimtia mwanawe mchanga kwa amri ya Mola wake. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa hadithi inayoitaja Naili kuwa ni miongoni mwa mito ya Peponi. Kijana wa Ngara anayedhani kuwa khabari za Mitume zote ni za nchi za mbali, na ajue kuwa maji yapitayo mbele ya mlango wake ndiyo yaendayo huko.

Lakini mto huu haukushuhudia neema peke yake, na mzazi ampelekaye mwanawe Rusumo asimfiche khabari hii. Mwaka 1894 Mdachi aitwaye Gustav Adolf von Götzen alivuka sehemu hizi akaingia Rwanda. Baadaye akawa gavana wa utawala uliozima Vita vya Maji Maji. Miaka 100 baada ya kuvuka kwake, katika mwezi wa Aprili 1994, yalianza Rwanda mauaji ambayo ulimi huona uzito kuyasimulia. Watu waliuawa kwa maelfu kwa maelfu, na wengi wakatupwa mitoni. Maiti ziliteremka na Kagera, zikapita Rusumo, zikaenda hata Ziwa Viktoria. Watu wa ufuko wa Uganda, walio mbali na ugomvi ule, wasiokuwa na hatia yo yote, ndio waliozitoa majini wakazizika, wala hawakujua jina la hata mmoja. Maji yakaogopwa kunywewa, na samaki wakaogopwa kuliwa.

Tazameni basi, ndugu zetu, jinsi mto ulivyofundisha. Sura ya Al-Maida imetueleza kuwa mwenye kuua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote. Watu husoma wakadhani ni mfano tu. Mwaka ule mto uliichukua dhulma iliyofanywa mlimani ukaipeleka mpaka mlangoni mwa mtu asiyehusika. Hakuna awezaye kujenga ukuta ndani ya maji.

Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka ule ule, katika muda wa siku 1 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo wenye damu mikononi. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wenyeji wa Ngara waligawana nao ardhi, na maji, na kuni. Miti mingi ilikatwa kwa kupikia na kujengea, na wengi wa wakimbizi hao hawakurudi kwao mpaka Desemba 1996. Tunayakumbusha haya ili vijana wajue kuwa vilima hivi viliwahi kulipa gharama ya kumhifadhi jirani, na kwamba kila mche unaopandwa leo ni kulipia gharama ile. Na Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa Mwislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Siku hizi Rusumo pana jambo jingine la kuzingatia. Sehemu ya maji ya mto hupitishwa katika mitambo 3 ya umeme, yenye jumla ya megawati 80, na umeme huo hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto uliowahi kupeleka maiti sasa wapeleka taa. Wanadamu ndio waliobadili walichoutwika, na hapo pana mazingatio kwa mwenye akili.

Ama adabu za matembezi haya, twazitaja kwa ufupi. Kwanza, sala isicheleweshwe. Aliye mkaazi wa karibu hapunguzi rakaa, kwani hajatimiza marhala mbili. Na atokaye mbali amwulize shehe wake. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini karibu sawasawa. Lakini Ngara iko magharibi zaidi, kwa hiyo uso huelekea kaskazini ukipinda kidogo upande wa mashariki. Pili, asitawadhe mtu penye ukingo wenye utelezi, wala asioge mtoni, maana Kagera una mamba na viboko. Achotewe maji katika kopo. Wala asifanye israfu, kwani Mtume s.a.w. alikataza israfu ya maji katika udhu hata kwa aliye kando ya mto upitao, na yeye mwenyewe alitawadha kwa maji ya kibaba kimoja hivi. Tatu, asijisaidie mtu njiani, wala kivulini, wala penye maji. Hayo yamekatazwa kwa hadithi. Nne, mifuko na chupa za plastiki zirudi nyumbani zilikotoka. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kuuweka ni katika nini? Tano, watoto washikwe mikono, na mabinti wetu waje pamoja na wazee wao, kwa mavazi ya heshima na viatu vinavyoshika ardhi.

Na asiyeweza kufika Rusumo asidhani kuwa mlango umefungwa. Sehemu ya Biharamulo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Humo mtu haingii ila kwa ruhusa na kwa kufuata maagizo ya askari wa hifadhi. Na wenzetu wa upande wa Morogoro wana Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo hutembelewa kwa miguu. Humo njia hupita chini ya miti mikubwa hata Maporomoko ya Sanje, yaangukayo kimo cha mita 170. Kila nchi ina aya zake, na kila mtu aanze na zilizo karibu naye.

Enyi wazazi, tengeni siku 1 katika kiangazi, mwende na watoto wenu. Waonyesheni maji yatokako, na yaendako, na waliomo njiani. Nanyi vijana, mkisimama mbele ya Rusumo, kila mmoja wenu ajiulize: mimi niliye juu ya mto wa mwenzangu, nampelekea nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema kwa walio juu yetu na walio chini yetu, na atuhifadhie maji yetu na misitu yetu. Amin.