Shukrani Iliyonishinda

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni maneno. Kutwa nasema mbele ya watoto. Lakini iko siku nalipaswa kusema neno moja tu kanisani, nikakaa kama bubu. Habari yenyewe ndiyo hii.

Masika ya mwaka juzi binti yetu wa miaka minne alishikwa na homa kali. Hata siku ya tatu akaanza kuweweseka, asimjue mama yake. Mto ulikuwa umefurika, wala hapakuwa na njia ya kufika hospitali. Mganga wa zahanati alimpa dawa aliyokuwa nayo, akatuambia tungoje asubuhi. Usiku ule mimi na mke wangu tulipiga magoti kando ya kitanda. Sikuomba kwa maneno mazuri kama niombavyo shuleni. Naliomba kama mdaiwa aombaye aongezewe siku moja. Jogoo wa kwanza alipowika, mtoto akatoka jasho, akataka maji.

Tungali tukifurahi, tukasikia kilio nyumba ya tatu. Mtoto wa jirani yetu, aliyeugua homa ile ile, amefariki. Nao walikuwa wakiomba usiku kucha. Mvua ilipotulia nalizisikia sauti zao, na bila shaka wao walizisikia zetu.

Jumapili ikafika. Desturi ya kanisa letu, aliyefanyiwa jema husimama akatoa shukrani, na watu wakaitikia. Mke wangu alinigusa mara mbili, sikusimama. Nitasemaje kwamba Mungu amesikia, na yule baba ameketi benchi la mbele, macho mekundu? Naliona nitamtonesha kidonda.

Jioni akaja mwenyewe nyumbani. Nalianza kumpa pole, akanikatiza: "Mwalimu, mbona leo umenyamaza?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mimi nimenyimwa nililoliomba. Nawe wataka kuninyima hata kusikia kwamba yuko aliyepewa? Simama useme. Nataka kujua ya kuwa kule tulikopeleka maneno yetu usiku ule, yuko asikiaye."

Kwa nini mmoja apewe na mwenziwe anyimwe, mimi sijui, wala mchungaji wetu hakujifanya kujua. Lakini usiku nalifungua Zaburi ya 136, ambayo nimewafundisha watoto miaka mingi. Waipenda, maana katika aya zake zote 26 kiitikio ni kimoja, cha kuzisifu fadhili za Mungu zisizokoma. Hata mvivu haimshindi. Nami nalidhani ni wimbo wa watu walioshiba. Kumbe humo mna utumwa wa Misri, na jangwa, na unyonge wa watu waliokandamizwa. Tena nikafahamu jambo nisilowafundisha watoto: zaburi ya namna hii, mmoja hutaja tendo, na mkutano huitikia, na katika mkutano hawakosi wale ambao siku hiyo hawana tendo lao la kutaja.

Jumapili iliyofuata nalisimama. Nalitaja homa, na mto, na jogoo, na maji aliyoyataka mtoto, sikuongeza neno. Wa kwanza kuitikia alikuwa yeye. Sauti ilimkatika katikati, na akina mama walioketi nyuma yake wakaipokea.