Kipalapala, Njia ya Shanga, na Vitu vya Kuchezea vya Watoto Wetu



Wiki hii twende pamoja Tabora. Hata kama hujapata kufika huko, jina lake umelisikia tangu utoto. Tutautazama mji, tutakwenda hata Kipalapala, kisha tutaingia sokoni. Huko sokoni kuna jambo linalowahusu wazazi wote, wa Tabora na wasio wa Tabora.

NJIA YA MISAFARA

Siku hizi wasafiri wengi huja Tabora kwa treni au kwa basi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, nayo ilifuata karibu njia ile ile ya misafara ya zamani. Kabla ya hapo mtu alikwenda kwa miguu. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika hapa, mahali palipoitwa Kaze siku zile, mwezi wa Novemba. Hiyo ni miezi minne na zaidi. Mizigo yote ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifiwa kupita wote kwa kazi hiyo.

Walibeba nini kutoka pwani? Nguo ya merikani, iliyopata jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani. Kaniki. Nyaya za shaba. Na shanga, marobota kwa marobota. Nyingi zilifanyizwa Venice, katika nchi ya Italia. Zile nyekundu zilizopendwa sana ziliitwa samesame. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mzigo wake, hapati hata kuku. Wazee wetu walijua kukataa. Lakini walichokiona ni rangi tu. Fundi wa Venice hakumjua mtoto wa Unyanyembe aliyevaa shanga ile shingoni, wala mama wa mtoto hakumjua fundi.

Na kutoka bara kwenda pwani zilipita pembe za ndovu, na walipita watu waliouzwa, na watoto walikuwamo.

KIPALAPALA

Nje kidogo ya mji, kwenye mashamba na miembe mikubwa, ipo Kipalapala. Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, walipita Tabora mara ya kwanza mwaka 1878 wakielekea kwenye maziwa makubwa. Katika miaka ya 1880 wakafungua Kipalapala nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Ifikirie habari hiyo, msomaji. Hapo kando ya njia ya biashara, kazi ya kwanza ya misioni ilikuwa kuwatoa watoto katika biashara. Mwaka 1889 mapadre walilazimika kuondoka kwa sababu ya fujo za siku zile, lakini mahali hapo hapakusahauliwa. Mwaka 1925 ilifunguliwa hapo seminari kuu, na mapadre wengi wa nchi yetu wamesoma hapo. Kipalapala ndipo palipokuwa na kiwanda cha kuchapa cha misioni, kilichojulikana kwa herufi T.M.P. Katika nyumba nyingi za Wakristo wazee utakuta bado kitabu cha sala chenye herufi hizo.

SOKONI

Sasa turudi mjini, tuingie sokoni, au twende kwenye mnada wo wote wa vijijini. Pembeni ya vitenge, ndoo na asali utaona turubai limetandikwa chini, na juu yake vitu vya kuchezea watoto: magari ya plastiki, midoli yenye nywele za dhahabu, simu za kuchezea zinazolia, taa ndogo zinazowaka rangi tatu, maputo, filimbi. Pengine utakuta na lundo la midoli ya mitumba, iliyokwisha kuchezewa na watoto wa Ulaya. Bei ni nafuu. Mtoto anavuta kanga ya mama yake. Mama anatoa pesa kwa furaha, na nani atamlaumu?

Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa zile shanga. Twaona rangi, kiwanda hatukijui.

Nchi zenye viwanda vikubwa zina desturi moja njema. Kitu cha kuchezea kikionekana kuwa na hatari, kiwanda hulazimika kutangaza na kuwaomba watu wakirudishe. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kazi hiyo duniani, ilitangaza mwezi wa Agosti kurudishwa kwa vitu karibu milioni moja na nusu, kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi. Haikupita hata wiki mbili, ikatangaza tena milioni 18 vyenye sumaku ndogo zinazoweza kung'oka. Na mwaka 2023, huko huko Marekani, zilirudishwa shanga za maji, zile punje ndogo zinazofura zikiloweshwa, baada ya mtoto mchanga mmoja kufa. Punje ikimezwa huendelea kufura ndani ya utumbo mpaka ukaziba.

Swali langu ni hili: tangazo kama hilo linamfikiaje mama wa kijijini? Aliyenunua dukani kwa risiti aweza kurudi dukani. Aliyenunua kwenye mnada hana risiti, kitu chenyewe pengine hakina jina la kiwanda, na mwuzaji kesho yuko mnada mwingine. Na mdoli wa mitumba waweza kuwa wa miaka mingi, hata wa kabla ya tangazo. Bidhaa husafiri kutoka mbali hata mlangoni petu, lakini habari yake hubaki njiani.

Nchini kwetu iko TBS, Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, na iko Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia. Wanafanya kazi yao, na ukiona kitu cha hatari kinauzwa yafaa uwape habari, au umpe habari ofisa wa kata ili azifikishe. Lakini hakuna mkaguzi awezaye kusimama kwenye kila turubai. Basi mkaguzi wa mwisho ni wewe, baba au mama.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, ukubwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, usinunue kitu, wala kitu chenye kipande cha kung'oka, kisichozidi ukubwa wa kizibo cha soda au kikubwa kidogo tu kuliko hicho. Kipimo kinachotumika Marekani ni tundu lenye upana wa milimita 32 hivi: kinachoingia humo chaweza kumkaba mtoto. Vuta macho ya mdoli, vuta magurudumu ya gari. Yakitoka mkononi mwako, yatatoka na kinywani mwa mtoto. Na puto lililopasuka okota vipande vyote mara moja, maana huganda kooni kama utando.

Pili, betri. Vitu vingi vinavyowaka au kulia vina betri ndogo ya duara, bapa kama sarafu. Hii ndiyo ninayoiogopa kupita vyote. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama, na kwa muda wa saa mbili tu yaweza kuleta jeraha baya sana. Hata iliyokwisha nguvu yaweza kuunguza. Tazama kifuniko chake: kiwe na skrubu. Kama chafunguka kwa ukucha, acha kitu hicho kwa mwenyewe.

Tatu, sumaku. Mtoto akimeza mbili, zavutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo uliobanwa katikati.

Nne, rangi. Inayobanduka kwa ukucha si ya kinywa cha mtoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kikohozi, na hakuna kiasi kilichojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wameyaona: kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, kilichofungwa mwaka 2014, kiliacha risasi katika damu ya watoto wa mtaa mzima. Kwa hiyo usimwache mtoto achezee betri kuukuu ya gari wala vyuma vyake.

IKIWA AJALI IMETOKEA

Mtoto akikabwa, hawezi kulia wala kukohoa, usichokoe kooni kwa kidole bila kukiona kitu. Waweza kukisukuma ndani. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni, kati ya mabega, mara tano kwa kiganja. Kisha mgeuze, umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia, na mwingine akimbilie msaada. Mkubwa kuliko huyo mwinamishe, umpige vivyo hivyo mgongoni. Kisipotoka, simama nyuma yake, umzungushie mikono, umkandamize juu ya kitovu kwa nguvu, kuvuta ndani na juu, mara tano.

Akimeza betri, au ukishuku tu kwamba ameimeza, usingoje kesho wala kumtapisha. Mpeleke hospitali yenye picha ya eksirei. Kwa watu wa Tabora ni Kitete. Dalili ni mate kumtoka, kukohoa, kukataa chakula, lakini pengine hakuna dalili yo yote. Hapa kuna jambo litakalowafurahisha warina asali wa Unyamwezi. Waganga wa Marekani wamechunguza wakaona kwamba asali hupunguza kuungua huko. Wanashauri mtoto aliyepita mwaka mmoja, awezaye kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Nasema mkiwa njiani. Asali haitoi betri; anayeitoa ni mganga. Na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

VYA KWETU

Je, basi watoto wasicheze? Wacheze! Kucheza ni shule yao. Tazama vijana wa Tabora wanavyosuka magari ya waya yenye usukani mrefu, na wasichana wanavyomvika gunzi la mahindi kitambaa na kumbeba mgongoni. Ng'ombe wa udongo, mpira wa matambara, bao la kuchimba chini ya mwembe: vyote hivyo baba avijua vilitoka wapi, na kikivunjika avijua kukitengeneza. Havikosi hatari navyo. Ncha ya waya ikunjwe, na mtoto asiokote vichupa na sindano jalalani. Lakini hatari yake yaonekana kwa macho.

Krismasi ikikaribia, matandiko yale ya sokoni yatajaa. Bwana wetu alipotaka kutufundisha wema wa Baba wa mbinguni, alitukumbusha kwamba hakuna baba ampaye mwanawe jiwe badala ya mkate. Hakuna mzazi anayetaka kufanya hivyo. Ila jiwe la siku hizi limepakwa rangi nzuri, nalo linauzwa kwa bei nafuu. Ligeuze mkononi, livute, likwaruze, ndipo utoe pesa yako. Na ukiisha kusoma gazeti hili, mpe jirani yako mwenye mtoto mdogo, maana habari hizi hazina mpagazi mwingine ila wewe.